Namba iliyo kichwani mwa pistoni

Kichwa cha silinda cha Yamaha DT 125 ya kizamani kimeshikwa na nati nne tu. Fundi huzilegeza kwa zamu, moja kisha ya upande wa pili, akakiinua na kupangusa masizi kwa kitambaa kilicholowa petroli. Chini ya masizi hayo, juu ya pistoni, huenda pakawa na namba iliyogongwa: 25, 50, 75 au 100. Pasipokuwa na namba yoyote, fundi hunyamaza kidogo, kisha humwita mwenzake aje aone.

Niliyaona haya Mutomo, kusini mwa Kitui, kwenye kibanda cha mabati. Mwenye pikipiki alikuwa afisa wa mifugo mstaafu, ameketi kwenye tairi akisubiri hukumu. Fundi alipitisha ukucha ndani ya silinda, pale juu ambapo ringi hugeukia, akitafuta ukingo. "Mzee, hii ni standadi. Haijaguswa." Mzee akacheka kwa kifua. "Si nilikuambia, kijana wangu?"

Tangu siku hiyo, nikiulizwa skrambla ya zamani kama hii ni ya bei gani, siulizi rangi wala tangi wala imetembea kilomita ngapi. Naulizia namba hiyo, kwa sababu ndiyo inayosema ni maisha mangapi yamebaki ndani ya chuma.

Silinda ya DT 125 ina kipenyo cha milimita 56, na pistoni husafiri milimita 50 kupanda na kushuka. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 123. Kaka yake, DT 175, ana kipenyo cha 66 na mwendo uleule wa 50, na hesabu inafika 171. Pistoni ikishalegea, injini hupoteza nguvu na kuanza kugonga. Ndipo silinda hupelekwa kwa fundi wa mashine, ikachongwa robo milimita, ikavishwa pistoni kubwa kidogo. Kutoka 56.00 unakwenda 56.25, halafu 56.50, 56.75, mwisho 57.00. Kwa hiyo silinda moja ina maisha matano: ya kiwandani na manne ya kuchongwa. Anayenunua DT yenye namba 100 kichwani amenunua maisha ya mwisho, hata kama tangi linang'aa kama jipya. Baada ya hapo ni kutafuta silinda nyingine au kuvisha slivu mpya.

Kuchonga kwenyewe kuna siri moja ambayo imewatia hasara wengi. Injini ya mipigo miwili haina vali juu. Hewa na moshi hupita kwenye madirisha yaliyo ubavuni mwa silinda, na ringi huyapita madirisha hayo kila mzunguko. Mashine ikishachonga huacha kingo kali kama wembe. Fundi asipozisugua kwa tupa ndogo mpaka zikawa laini, ringi mpya hunaswa na kukatika katika kilomita chache za kwanza, na robo milimita moja ya maisha imetupwa bure. Silinda yangu iliwahi kurudi hivyo kutoka karakana moja, na nililipa mara mbili. Siku hizi naingiza kidole kwenye dirisha mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Pikipiki hizi zilifikaje huku Ukambani? Yamaha ilitoa DT-1 mwaka 1968, pikipiki nyepesi ya mipigo miwili iliyotengenezwa kwa njia mbaya, na ukoo wake ukaenea duniani katika miaka ya 1970. Wakati huohuo, sehemu kame za Kenya zilikuwa zinaingia katika enzi ya miradi. Mpango wa Maendeleo wa Machakos, uliofadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya, ulianza mwaka 1978, na wilaya hiyo ilijumuisha Makueni yote ya leo, iliyokuja kuwa wilaya yenyewe mwaka 1992. Mafunzo ya kilimo ya mtindo wa Benki ya Dunia, ya afisa kumzuru mkulima kwa ratiba, yaliingia Kenya mwaka 1982. Afisa mwenye ratiba huhitaji chombo. Kwa hiyo DT, AG 100 na Suzuki za aina hiyo zikawa pikipiki za kilimo, mifugo, chanjo na parokia. Miradi ilipofungwa na magari ya serikali (GK) yalipopigwa mnada, zikaingia mikononi mwa watu binafsi, mara nyingi watu walewale waliokuwa wakiziendesha kazini.

Eneo lenyewe linaeleza kwa nini walizishikilia. Kwa sensa ya 2019, Kitui ina watu 1,136,187 kwenye kilomita za mraba takriban 30,430, yaani watu 37 kwa kila kilomita. Makueni ina watu 987,653 kwenye takriban 8,170, watu 121 kwa kilomita. Kitui ni kubwa karibu mara nne, na nyumba ziko mbali mbali. Katikati ya nyumba hizo kuna mito ya mchanga: Tiva, Thua, na vijito visivyohesabika, mikavu sehemu kubwa ya mwaka. Mchanga ule haumpendi mtu mzito. Boda ya kawaida ya 150 ina takriban farasi 12 na uzito wa kilo 120 na ushei. DT 175 ina takriban farasi 16 na uzito wa kilo 100 hivi. Mpandishe mtu wa kilo 75: boda inabaki na farasi 6 kwa kila kilo 100, DT ina 9. Ongeza gurudumu la mbele la inchi 21 dhidi ya 17 za boda, linalopanda juu ya mchanga pale dogo linapozama, na hiyo nusu ya nguvu ya ziada utaisikia kwenye mkono wa kulia katikati ya mto, wakati huwezi kusimama.

Nguvu hiyo inatoka wapi kwenye injini ndogo hivyo? Injini ya boda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Hii huwaka kila mzunguko. Na ndani yake vinavyotembea ni pistoni, mkono wake na kombo, bila kamshafti, mnyororo wa taimingi, springi wala vali za juu. Fundi wa kijijini anaweza kuibomoa na kuirudisha kabla ya jua kuwa kali.

Lakini kila kitu kina malipo yake, na hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Chukua petroli kwa shilingi 185 kwa lita, karibu na bei elekezi ya 2025, na tuseme oili ni 700 kwa lita. DT inayokwenda kilomita 25 kwa lita itanywa lita 40 katika kilomita 1,000: shilingi 7,400. Kwa mchanganyiko wa moja kwa arobaini, lita hizo 40 zinachoma lita nzima ya oili, 700 nyingine. Jumla 8,100, shilingi 8.10 kwa kilomita. Boda inayokwenda kilomita 45 kwa lita hutumia petroli ya 4,111, na ikibadilishwa oili lita moja kila kilomita 2,000, weka 350. Jumla 4,461, shilingi 4.46 kwa kilomita. Tofauti ni shilingi 3.64.

Sasa iweke tofauti hiyo kwenye maisha ya watu wawili. Wa kwanza ni mwendesha boda wa mji wa Wote, Makueni, anayefanya kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. DT ingemla shilingi 9,464 zaidi kila mwezi, yaani 113,568 kwa mwaka. Hakuna abiria wa kulipa hiyo, ndiyo maana huoni DT stejini. Wa pili ni mwalimu mstaafu wa Ikutha, Kitui, anayekwenda sokoni Jumatano, kanisani Jumapili, na shambani mara mbili kwa wiki, kilomita 200 kwa mwezi. Yeye hulipa 728 zaidi kwa mwezi, 8,736 kwa mwaka. Hiyo anaimudu, na anapata njia ya kuvuka mto.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini baadhi ya pikipiki hizi bado zinaishi. Tuseme kila maisha ya silinda ni kilomita 20,000, kadirio la njia ya vumbi na kichujio kinachooshwa vizuri. Maisha matano ni kilomita 100,000. Mwendesha boda huyamaliza kwa miaka 3 na miezi michache. Mwalimu wa Ikutha angehitaji zaidi ya miaka 41. Skrambla za miaka ya 1980 zilizosalia ni zile zilizobahatika kupata watu wa kilomita chache, na kichujio ndicho kilichoziokoa: sponji nyeusi iliyofichwa pembeni, inayooshwa, ikakamuliwa, ikapakwa oili kabla ya kurudishwa. Vumbi jekundu la Kitui likipita pale, husaga silinda kama jiwe la kusagia.

Je, bei zinapanda kweli? Kwa shilingi, naam, na wenye nazo wanakuambia kwa fahari: mzee alinunua kwa pesa chache, leo wanamtajia laki na kitu. Naipenda fahari hiyo, lakini shilingi yenyewe lazima ihesabiwe. Mwaka 1990 dola moja ya Marekani ilikuwa karibu shilingi 23. Mwaka 2025 ilikuwa karibu 129. Na dola nayo imepungua nguvu. Kilichonunuliwa kwa dola 1,000 mwaka 1990 leo kinahitaji zaidi ya 2,400. Ukiunganisha hayo mawili, shilingi 10,000 za 1990 zinahitaji kuwa kama 135,000 leo ili zisimame palepale. Pikipiki iliyonunuliwa 30,000 mwaka ule ingepaswa kuuzwa 405,000 ili mwenyewe asipoteze kitu. Sijasikia mtu akitoa hiyo Mutomo.

Faida iko kwingine. Chombo hiki kilishashuka thamani yote ya kushuka. Tuseme mwalimu wetu ananunua boda mpya kwa 190,000 na kuiuza kwa 70,000 baada ya miaka mitano. Amepoteza 24,000 kila mwaka kabla ya kuwasha. Tuseme badala yake ananunua DT nzuri kwa 120,000 na kuiuza kwa 120,000. Toa 8,736 za petroli na oili ya ziada, toa 1,800 kwa mwaka za kuweka akiba ya kuchonga silinda, na bado anabakiwa na kama 13,400 kila mwaka. Weka bei zako mwenyewe, njia ni hiyo. Hesabu hii hushikilia tu kwa mtu wa kilomita chache, na kwa silinda yenye saizi zilizobaki.

Kinachosukuma bei juu ni kwamba mpya hazizaliwi kama zamani. Sheria za moshi zilizifuta barabarani Marekani, Ulaya na Japani, moja baada ya nyingine, maana kati ya petroli inayoingia, sehemu hutoka ekzosi bila kuungua pamoja na oili. Moshi huo wa buluu ni sumu ya kweli, na mtu anayewasha DT ndani ya ua wenye watoto anakosea. Yamaha bado inatengeneza YZ 125 na YZ 250 za mipigo miwili, lakini hizo ni za mashindano. India nako, Yamaha RX 100, iliyotengenezwa 1985 hadi 1996, inasakwa na vijana waliozaliwa baada ya kiwanda kuiacha. Kwetu, upande wa pili wa mizani uliongezwa uzito mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Boda zikafurika, mafundi wakajifunza boda, maduka yakajaza spea za boda. Skrambla zikabaki chache, na fundi anayezijua akawa adimu kuliko zenyewe.

Lami nayo imefika. Barabara ya Kibwezi, Mutomo, Kitui, Kabati hadi Migwani, kilomita 192, imegeuza safari iliyokuwa ya siku nzima kuwa ya asubuhi. Ungetarajia iue haja ya skrambla. Kwa maoni yangu imeifanya itamaniwe zaidi, kwa sababu anayefika Mutomo kwa gari dogo bado ana kilomita za mchanga kufika kwao.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kulipa ni karatasi. Nyingi zina namba ya zamani, ya kabla pikipiki hazijapewa mfululizo wao wa KM, na daftari la umiliki liko kwa jina la mradi uliokufa, la taasisi, au la marehemu. Uhamisho wa umiliki kupitia mamlaka ya usafiri, NTSA, unamtaka muuzaji auanzishe kwenye akaunti yake, na mradi uliofungwa hauna wa kubonyeza. Punguza bei kwa uzito huo, au ondoka.

Mzee wa Mutomo alisubiri kichwa kirudishwe. Pampu yake ya oili ilikufa zamani, kwa hiyo huchanganya mwenyewe: chupa ya soda ya mililita 300 hutosha lita 12 za petroli. Akajaza nusu chupa kwa lita sita, akaimimina tangini, akaishika pikipiki kwa mikono miwili na kuiyumbisha kushoto na kulia ili vichanganyike. Teke la kwanza halikutoa kitu. La pili likatoa mlio ule mwembamba, mkali, na wingu dogo la buluu. Akaipinda kuelekea mtoni, na tuliendelea kuisikia muda mrefu baada ya kupotea machoni.