Je, Wajua? Mwezi Mpevu Haupimi Darubini

Mwezi mpevu ndio kipimo kibovu kabisa cha darubini. Jua huumulika uso kwa uso, vivuli hufutika, na lenzi mbovu husitirika. Subiri usiku mmoja au miwili baada ya robo ya kwanza. Tazama mpaka wa mwanga na giza, kaskazini, lilipo shimo la Plato lenye upana wa kilomita 100 hivi. Sakafuni mwake mna vishimo vya kilomita 2 au 3 tu. Darubini kubwa ikivionyesha, kioo chake ni cha kuaminika.

Chuno, mjini Mtwara, ni mahali pazuri mno pa kuijaribu darubini kwa sayari pia. Huko Mshtarii na Zohali zinapofika kilele cha safari yao ya usiku hazikai chini ya nyuzi 55 kutoka upeo wa macho. London, miaka mingine, huishia nyuzi 15, na nuru yao hupenya hewa karibu mara nne ya ile ya utosini. Hewa hiyo yote huitikisa picha.

Mshtarii si duara kamili! Huzunguka kwa chini ya saa 10, hivyo kiuno chake kimetanuka: kipenyo cha ikweta kinazidi cha ncha kwa kilomita 9,000 na zaidi. Darubini nzuri huonyesha ubapa huo waziwazi.

Ukiona utepe wa zambarau ukingoni mwa Mwezi, kosa ni la lenzi. Darubini za vioo tupu hazina kasoro hiyo.