Kadi za picha za bei ya kati: Jina la kwenye boksi halitoshi

MFANYABIASHARA wa kompyuta anayeagiza kadi za picha kwa kusoma jina la kwenye boksi peke yake anaweza kujikuta amefunga mtaji wake katika mali isiyotoka dukani. Kadi mbili huweza kuwa na jina lile lile, lakini moja ikaendesha mchezo vizuri na nyingine ikaganda.

Mfano ulio wazi ni GeForce RTX 3060 ya kampuni ya NVIDIA ya Marekani. Kadi hiyo iliingia sokoni Februari 2021 kwa bei rasmi ya dola 329, ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 12 inayopitisha data katika njia ya biti 192. Mwishoni mwa 2022 likatoka toleo jingine lenye jina hilo hilo, ila kumbukumbu ilipunguzwa hadi gigabaiti 8 na njia ikabanwa hadi biti 128. Viini vya kukokotoa ni 3,584 kwa zote mbili. Kilichopungua ni kasi ya kumbukumbu, kutoka gigabaiti 360 kwa sekunde hadi 240, yaani theluthi nzima imekatwa. Ni kama ghala lenye wapakuzi wale wale, lakini lango la kutolea mizigo limefanywa dogo.

Mteja haji dukani kuuliza biti. Anachotaka kujua ni kama mchezo wake utakwenda bila kukatakata. Mafundi hupima jambo hilo kwa idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde, ambapo 60 huhesabiwa kuwa kiwango kizuri kwa mchezaji wa kawaida. Hata hivyo, wastani huo hudanganya. Kadi inaweza kuwa na wastani wa 60 na bado ikashuka hadi 20 pale mapigano yanapopamba moto, yaani wakati ule ule mchezaji anapoihitaji zaidi. Muuzaji makini huonyesha kiwango cha chini pia.

Kwa kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080, RTX 3060 ya gigabaiti 12 bado ni mali nzuri. Michezo kama EA Sports FC, Counter-Strike 2 na Grand Theft Auto V inaimudu bila taabu. Kwa mchezo mzito kama Cyberpunk 2077 wa mwaka 2020, mchezaji hulazimika kupunguza baadhi ya mapambo, hasa yale ya mwanga na vivuli.

Iliyoifuata, RTX 4060, ilitoka Juni 2023 kwa dola 299. Katika michezo mingi ina kasi zaidi, nayo hula wati 115 badala ya 170. Lakini kumbukumbu yake ni gigabaiti 8. Kumbukumbu hiyo inapojaa, mzigo wa ziada hupelekwa kwenye kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta kwa kupitia tundu la kadi, na RTX 4060 hutumia njia 8 tu za tundu hilo badala ya 16. Katika kompyuta ya zamani yenye tundu la PCIe la kizazi cha tatu, kila njia hupitisha nusu ya kile kinachopita katika kizazi cha nne.

Walioumizwa zaidi na jambo hilo ni wanunuzi wa Radeon RX 6500 XT ya AMD, iliyotoka Januari 2022 kwa dola 199, ikiwa na gigabaiti 4 na njia 4 tu. Bei ilivutia wenye kompyuta kuukuu, na hao ndio ambao kadi haikuwafaa.

Kwa soko la Afrika Mashariki suala hili si dogo, kwani kompyuta nyingi madukani ni mitumba iliyotoka maofisini ng'ambo. Pawa saplai zake mara nyingi ni ndogo na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. NVIDIA inashauri pawa saplai ya wati 550 kwa RTX 3060, hivyo mteja analipia vitu viwili, si kimoja. Na kuna makasha ya kiofisi yasiyopokea pawa saplai ya kawaida kabisa.

Mteja wa aina hiyo anafaa kuuziwa RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024, ambayo hutumia wati 70 na kwa kawaida hulishwa na tundu lenyewe. Lakini hapo napo pana mtego wa jina: RTX 3050 ya gigabaiti 8 ya Januari 2022 inahitaji wati 130, na viini vyake ni 2,560 dhidi ya 2,304. Oda iliyoandikwa "RTX 3050" tu inaweza kuleta yoyote kati ya hizo.

Upande wa kadi zilizotumika, Septemba 15, 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na wachimbaji wakazimwaga sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Feni zake ndizo huchoka kwanza, nazo hubadilishwa. Iendeshwe kwa mzigo mzito kwa nusu saa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Aidha, zipo kadi za kughushi, ambapo kadi kuukuu kama GTS 450 huandikwa upya ndani yake ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha viini, biti na kumbukumbu halisi, na tangu 2018 hutoa onyo inapogundua kadi bandia za NVIDIA.

Mchezo wa majina unaendelea. Aprili 2025 NVIDIA ilitoa RTX 5060 Ti ya gigabaiti 8 kwa dola 379 na ya gigabaiti 16 kwa dola 429. Ni tofauti ya dola 50 kwa kila kadi, na katika oda ya kadi 20 hizo ni dola 1,000 ambazo muuzaji wa ng'ambo anaweza kubaki nazo kihalali, endapo mnunuzi hakuandika gigabaiti kwenye karatasi.