Ziwa Naivasha Kwenye Stempu: Fahamu Historia Yake, na Jinsi ya Kutunza Barua za Zamani

Mwaka wa 2035, picha ya Ziwa Naivasha itakuwa imetimiza miaka 100 tangu ilipotolewa kwenye stempu za mwaka 1935. Wakazi wengi wa Kaunti ya Nakuru hawajui kwamba ziwa letu liliwahi kusafiri ulimwenguni likiwa limebandikwa kwenye bahasha. Huenda barua zenye stempu hizo bado zimo kwenye masanduku ya nguo ya wazee wetu. Makala haya yanaeleza historia hiyo, nani huamua picha za stempu, na la kufanya ukipata barua za zamani nyumbani.

Stempu ni nini hasa?

Stempu ni risiti. Inaonyesha kwamba aliyetuma barua amekwisha kulipia usafirishaji wake. Ya kwanza duniani ilitumika Uingereza mwezi Mei 1840. Kabla ya hapo, mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa. Baadaye nchi ziligundua kwamba karatasi hiyo ndogo hufika mbali kuliko bango lolote, zikaanza kuitumia kutangaza milima, maziwa, visiwa na wanyama wao.

Ilikuwaje Naivasha ikachaguliwa?

Mwaka 1933, huduma za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa. Mwaka 1935 zikatoa stempu za pamoja zenye mandhari ya Afrika Mashariki: Mlima Kilimanjaro, daraja la Jinja, jahazi katika Ziwa Victoria, simba na korongo. Ziwa Naivasha liliwekwa kwenye stempu ya shilingi 1 na ya shilingi 3. Kuanzia 1938 picha hiyo iliendelea kutumika, ila sura ya mfalme wa Uingereza ndiyo iliyobadilishwa. Hivyo ndivyo ukoloni ulivyokuwa: ziwa ni letu, lakini sura iliyowekwa juu yake ni ya mtawala. Kenya ilitoa stempu zake kama taifa huru tarehe 12 Desemba 1963.

Naivasha ilikuwa na uhusiano mwingine na posta. Kuanzia 1937, ndege zinazotua majini za kampuni ya Imperial Airways zilitua ziwani zikibeba abiria na barua kwenye safari ya kutoka Southampton, Uingereza, hadi Afrika Kusini.

Kisiwa ambacho wakati mwingine si kisiwa

Anayezuru ziwa leo huonyeshwa Crescent Island, mahali ambapo watu hutembea kwa miguu karibu na twiga na pundamilia. Kisiwa hicho ni sehemu ya ukingo wa kreta ya volkano iliyozama, na ndiyo maana ana umbo la mwezi mwandamo. Sehemu yenye kina kirefu zaidi ya ziwa iko hapo karibu. Maji yanapopungua, kisiwa huungana na nchi kavu. Yanapojaa, hutengwa tena. Wakazi wa Kihoto wanajua uzito wa mabadiliko hayo, kwa kuwa maji yaliingia hadi majumbani mwao.

Hapa ndipo thamani ya picha za zamani inapoonekana. Picha, kadi au barua yenye tarehe ni ushahidi wa jinsi mahali palivyokuwa na watu walivyoishi hapo. Ikichomwa pamoja na takataka, hairudi.

Nani huamua picha ya stempu?

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, huduma za posta ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Stempu hutolewa na Shirika la Posta la Kenya. Serikali ya kaunti haina mamlaka ya kutoa stempu. Jedwali hilohilo, hata hivyo, limezipa kaunti jukumu la utalii wa mashinani, hivyo kutangaza mandhari yetu ni kazi yetu.

Shule, kikundi au mkazi anaweza kuliandikia shirika hilo kupendekeza mada. Pendekezo zuri hueleza mambo matatu: mahali penyewe, sababu ya kupaenzi, na mwaka wa kumbukumbu unaohusika. Ukiambatanisha picha, pata kwanza idhini ya aliyeipiga. Mada hazikosekani: kreta ya Menengai, uendeshaji baiskeli na ukweaji miamba katika Mbuga ya Hell's Gate, au maziwa ya Nakuru na Elementaita, ambayo pamoja na Bogoria yaliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Ukipata barua za zamani nyumbani

• Usibandue stempu wala kuikata kwenye bahasha. Muhuri wa posta huonyesha barua ilitoka wapi na lini, na bahasha nzima husimulia mengi kuliko stempu peke yake.

• Usitumie gundi wala selotepu. Weka barua ndani ya bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu pasipofikiwa na jua.

• Muulize mzee wa nyumba ni nani aliyeandika na kwa nini. Andika majibu kwenye karatasi ya kando, si juu ya barua.

• Usikimbilie kuuza. Stempu nyingi zilichapishwa kwa wingi, na umri peke yake hauzifanyi kuwa ghali. Mtu akikuahidi bei kubwa lakini akakutaka utume pesa kwanza, mkatalie.

• Ukinunua stempu za kukusanya, jihadhari. Kuna zinazochapishwa zikiwa na majina ya nchi bila idhini ya posta za nchi hizo.

Miaka 100 ya stempu ya Naivasha haiko mbali. Walimu wanaweza kuanza sasa kwa kuwaomba wanafunzi waulize nyumbani kama kuna barua za zamani, wazipige picha na kuandika historia yake, huku barua zenyewe zikibaki kwa wenyewe. Kufikia 2035, tutakuwa na la kuonyesha, na majina ya watu wetu yatakuwa yameandikwa kando ya picha ya ziwa lao.