Ukarabati wa Boti Kuukuu ya Faiba Nyumbani: Elimu ya Mbao na Mipaka Yake

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna boti kuukuu ya faiba inavyoweza kukarabatiwa uani kwa zana za kawaida za seremala pamoja na vifaa vichache vya kununua. Neno "faiba" linatumika hapa kama linavyotumiwa na wavuvi na mafundi wa pwani, yaani chombo kilichoundwa kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, zikagandamana nayo kuwa ngozi moja ngumu. Hoja inayojengwa ni kwamba makosa mazito katika ukarabati wa boti hizi hayatokani sana na uvivu wala uhaba wa fedha. Yanatokana na ujuzi mzuri uliotumiwa pasipo pake. Fundi wa pwani amerithi elimu ya chombo cha mbao, na elimu hiyo humfanya aitibu faiba maradhi isiyo nayo, huku ugonjwa wake halisi ukiendelea ndani kwa ndani.

Mfano unaorejelewa ni boti ya uvuvi ya wazi, yenye urefu wa mita 6 hivi, iliyokuwa imekaa misimu miwili ya masika katika ua wa nyumba mjini Tanga. Mwenyewe ni kaka wa mwandishi. Alikusudia kuziba nyufa zilizoonekana, kuipaka rangi na kuirudisha baharini ikiwa na mashine ya farasi 40. Kwa jicho la kawaida mpango huo haukuwa na kasoro, kwani ngozi ya nje ilikuwa nzima na haikuvuja hata tone. Mabishano yaliyofuata baina ya ndugu hawa wawili ndiyo yaliyozaa makala haya.

2.0 Elimu ya mbao

Chombo cha mbao hushikiliwa na mkuku na mataruma. Mbao za ubavuni hupigiliwa juu yake, na mianya iliyo baina yake huzibwa kwa kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta. Mbao zikikauka husinyaa na mianya hufunguka. Zikilowa huvimba na chombo hujifunga chenyewe. Ndiyo maana chombo kilichokaa juani muda mrefu huachwa kiloe kwanza kabla ya kutwekwa. Chini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa, juu hupakwa sifa, na ubao mmoja ukioza hung'olewa ukawekwa mwingine bila kuugusa wa jirani. Katika mfumo huo maji ni sehemu ya uzima wa chombo, na uvujaji ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa.

Faiba ni kinyume karibu katika kila hatua. Haina mianya wala haivimbi. Nguvu yake haimo katika mifupa pekee, bali imesambaa katika ngozi yote, hivyo ufa mdogo pembeni mwa bolti unaweza kutembea mbali na pale ulipoanzia. Isitoshe, boti nyingi za faiba si za faiba tupu. Ndani ya ubao wa tezi, yaani bapa la nyuma linalobeba mashine, na mara nyingi ndani ya maboriti ya sakafuni, mna plaiwudi au mbao iliyofunikwa kwa ngozi pande zote mbili. Mbao hiyo haionekani, haipati hewa, na maji yakishaingia kupitia tundu la bolti hayana njia ya kutoka. Husemwa mitaani kwamba faiba haiozi. Kauli hiyo ni kweli kwa nyuzi za kioo. Kinachooza ni mbao iliyomo ndani yake.

Kwa kuamini kauli hiyo, kaka aliiacha boti wazi, maji ya mvua yakajaa hadi kwenye maboriti. Kwa mtazamo wa mbao hakuharibu kitu, pengine hata alifanya hisani.

3.0 Uchunguzi

Kifaa cha kwanza cha uchunguzi ni nyundo ndogo, au hata mpini wa bisibisi. Boti hugongwa polepole kwa mistari, kila baada ya sentimeta chache, na msikilizaji hufuatisha mlio. Ngozi iliyoshikana hutoa mlio mkali, mfupi. Ngozi iliyoachana na mbao, au iliyo juu ya mbao iliyooza, hutoa mlio mzito kama wa nazi iliyopasuka. Sehemu hizo huchorewa mpaka kwa penseli, na mchoro unaojitokeza mara nyingi humshangaza mwenye boti kuliko hoja yoyote. Uthibitisho hupatikana kwa kutoboa tundu la milimita 5 kwa upande wa ndani na kutazama unga unaotoka: mweupe na mkavu ni salama, mweusi wenye unyevu ni habari mbaya. Katika boti ya mfano, matundu manne yaliyotobolewa chini ya usawa wa bolti za mashine yalitoa kitu kilichofanana na majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa.

Malengelenge ya chini ya boti ni jambo jingine, na huogopwa kupita kiasi. Maji hupenya taratibu katika jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, na huvunja vifungo vya esta katika poliesta iliyo chini yake. Mazao ya mvunjiko huo ni asidi na glikoli, ambazo huvuta maji zaidi kwa osmosisi mpaka shinikizo likainua jelikoti. Lengelenge likitobolewa hutoa majimaji yenye harufu kali ya siki. Anayetoboa avae miwani. Malengelenge machache yaliyo katika jelikoti tu hufunguliwa, huoshwa kwa maji baridi, huachwa yakauke kwa wiki kadhaa na kujazwa kwa epoksi nzito. Hayazamishi boti. Ubao wa tezi uliooza ndio unaozamisha, kwa sababu mashine yenye uzito wa kilo 70 na ushei huusukuma na kuuvuta katika kila wimbi. Siku ukikatika, bahari huingia kwa nyuma, mahali ambapo boti ya wazi haina kinga.

Kwa sababu hiyo, tunaona kwamba mpangilio wa kazi unaoanza na rangi, hata kama rangi hiyo ni bora kiasi gani, ni kinyume cha ukarabati. Rangi hufunga unyevu ndani na kufuta ushahidi wa nje.

4.0 Kubomoa

Kazi ya kubomoa ndiyo inayomkatisha tamaa mwenye boti, kwa kuwa boti iliyokuwa "nzima" asubuhi huwa na shimo jioni. Ngozi ya ndani ya tezi hukatwa kwa grenda pembezoni, kwa kuacha ukingo wa sentimeta 5 au zaidi utakaounganishwa baadaye, kisha hubanduliwa. Ngozi ya nje haiguswi: ndiyo kalibu itakayouongoza ubao mpya na kuhifadhi umbo la boti. Mbao iliyooza huchimbuliwa kwa patasi hadi faiba safi ionekane. Iwapo sehemu ya mbao bado ni ngumu, kishawishi ni kuiacha. Ushauri wetu ni kuiondoa nayo, kwani unyevu husafiri kando ya nyuzi za mbao mbali kuliko uozo unaoonekana.

Vumbi la faiba halipaswi kudharauliwa. Huwasha ngozi na kuumiza mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Inahitajika barakoa yenye kichujio cha vumbi laini, na wakati wa kupaka rezini kichujio cha mvuke wa kemikali. Nyumbani kuna jambo la ziada ambalo karakana haina: watoto na vyakula. Ua wetu ulifungwa kwa turubai, na nguo hazikuanikwa hapo kwa muda wote wa kusaga.

Baada ya kubomoa huja kusubiri. Boti iligeuzwa kifudifudi juu ya magogo, ikapitishiwa hewa kwa wiki sita za Januari na Februari, wakati kaskazi inavuma na mvua ni haba. Mwenye haraka akumbuke kwamba unyevu uliofungiwa chini ya ngozi mpya utaanza upya kazi ile ile.

5.0 Kuunganisha kipya na cha zamani

Hapa ndipo kemia inapotofautiana kabisa na useremala. Boti inapoundwa kiwandani, tabaka moja la poliesta huwekwa juu ya jingine likiwa bado bichi, na matabaka hayo huungana kikemikali yakawa kitu kimoja. Poliesta iliyokwisha kukomaa miaka mingi haitoi muungano huo. Tabaka jipya hulishikilia la zamani kwa kung'ang'ania mikwaruzo tu, kama gundi inavyoshika ubao. Kila kitu basi hutegemea utayarishaji wa uso: kwanza hufutwa kwa asetoni ili kuondoa mafuta na nta, kisha husagwa kwa msasa mzito mpaka usiwe na mng'ao popote. Anayeanza na msasa huisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na kiraka chake hubanduka kwa vidole.

Upana wa mshikamano ni muhimu sawa na usafi wake. Ukingo wa shimo hauachwi wima. Husagwa uwe mteremko wenye uwiano wa 12 kwa 1. Ngozi yenye unene wa milimita 6 huhitaji mteremko wa milimita 72 kila upande. Kwa macho ya fundi wa mbao huku ni kuharibu faiba nzima ili kuziba tundu dogo, na ndipo mabishano yalipokuwa makali zaidi. Kiraka kilichojazwa shimoni bila mteremko hufanana na kizibo cha chupa: huzuia maji lakini hakirithishi nguvu kutoka upande mmoja wa ngozi hadi mwingine.

Kuhusu rezini, poliesta ni ya bei nafuu na ndiyo iliyojenga boti yenyewe. Epoksi ni ghali, lakini hushika mbao na faiba kuukuu vizuri zaidi. Kwa tezi tulichagua epoksi, kwa kuwa hapo ndipo mshikamano ukishindwa mtu hufa. Palipobaki, ambapo mteremko ulikuwa mpana na mzigo ni mdogo, poliesta ilitosha. Mpangilio wa kubadilisha haupinduliwi: epoksi hukaa vyema juu ya poliesta iliyokomaa, ilhali poliesta juu ya epoksi haiaminiki. Vilevile mkeka wa kawaida wa nyuzi fupi una gundi inayoyeyushwa na staireni iliyomo katika poliesta; ndani ya epoksi, ambayo haina staireni, mkeka huo hubaki mgumu na haukai katika pembe. Kwa epoksi hutumika kitambaa kilichofumwa au kushonwa.

Joto la pwani hubadilisha vipimo. Kichocheo cha poliesta huwekwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini. Kwenye nyuzi 32 kivulini asilimia 1 yatosha, na chini ya hapo rezini inaweza isikomae kamwe. Hupimwa kwa bomba la sindano, si kwa kukadiria. Kichocheo hiki ni peroksaidi: tone moja jichoni laweza kupofusha, na kikichanganywa moja kwa moja na kiharakishaji cha kobalti hulipuka. Epoksi nayo haina ruhusa ya kupunguzwa wala kuongezwa kigumishi. Uwiano wake ni ule ulioandikwa na mtengenezaji. Katika hewa yenye unyevu huacha utando wa nta juu, ambao huoshwa kwa maji kabla ya tabaka linalofuata.

6.0 Tezi mpya

Ubao mpya ulitengenezwa kwa plaiwudi mbili za baharini za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, kingo zote zikiwa zimenyweshwa epoksi mara tatu. Uligandishwa kwenye ngozi ya nje kwa epoksi iliyotiwa unga wa kunenepesha, ukabanwa kwa jiriwa usiku kucha, na pembe zikajazwa mviringo ili kitambaa kisivunjike kinapokunja kona. Ngozi ya ndani ilijengwa upya kwa matabaka yasiyozidi matatu kwa siku, kwani rezini nene hujichemsha yenyewe.

Hatua ya mwisho ni ndogo na hurukwa na wengi. Matundu ya bolti za mashine hayatobolewi kwa kipimo cha bolti. Kwa bolti ya milimita 12 tundu lilitobolewa milimita 20, likajazwa epoksi nzito, likaachwa likomae, ndipo likatobolewa tena kwa kipimo chake. Bolti sasa hupita ndani ya epoksi tupu, na mbao haikutani na maji hata kizibo cha nje kikichakaa. Boti ile ya mwanzo haikuwa na kinga hiyo. Bolti zake nne zilipita moja kwa moja katika plaiwudi, na uozo wote tuliouchimbua ulianzia kwenye matundu hayo manne. Kaka aliyatoboa mapya mwenyewe. Boti ilishushwa majini baada ya masika, na kila mwezi hugongwa tezi yake kwa nyundo ile ile, mstari kwa mstari, huku alama za penseli za mwanzo zikiwa zimehifadhiwa kwenye karatasi kwa ajili ya kulinganisha.