Kuomba Masomo ya Juu ya Hisabati: Barua Huanzia Katika Daftari

Katika mazungumzo niliyofanya na wanafunzi wa sekondari huko Makurunge, wilaya ya Bagamoyo, msichana mmoja alisimama, akaamkia, kisha akauliza: "Mwalimu, mtu akitaka kusoma hisabati mpaka mwisho, huomba wapi? Maana sisi hatuna mtu huko." Wenzake walicheka, lakini swali lile halikuwa la kuchekesha. Maneno hayo, "hatuna mtu", nimeyasikia mara nyingi, na nimeona vijana wenye vipaji wakiacha kuomba kwa sababu yake. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, kwa faida ya wanafunzi na ya walimu wao pia.

Kinachoombwa ni nini?

Yafaa kwanza tuelewe kitu kinachoombwa. Katika shule ya sekondari, na kwa sehemu kubwa katika shahada ya kwanza, mwanafunzi hupewa maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Mengine yamechapwa nyuma ya kitabu. Katika shahada ya uzamivu hutakiwa kushughulikia swali ambalo hakuna aliyekwisha kulijibu. Shahada ya uzamili ni daraja baina ya hali hizo mbili.

Tuchukue mfano ulio karibu na wasomaji wa pwani, yaani majaruba ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari huwa na chumvi kiasi cha gramu 35. Jaruba lenye kina cha sentimita 20 lina lita 200 za maji katika kila mita ya mraba, na kwa hiyo kilo 7 za chumvi. Tukikadiria kwamba jua na upepo huondoa milimita 5 za maji kila siku, jaruba litakauka baada ya siku ngapi? Mwanafunzi wa kidato cha pili atagawanya 200 kwa 5, atapata siku 40.

Jibu hilo ni zuri, lakini si sahihi kabisa. Kadiri maji yanavyopungua, ndivyo chumvi inavyozidi kukolea; na chumvi iliyoyeyuka hupunguza kasi ya maji kugeuka mvuke. Kwa hiyo milimita 5 za siku ya kwanza si milimita 5 za siku ya thelathini. Sasa kugawanya hakutoshi. Hapana budi kuandika mlinganyo unaoeleza jinsi kasi yenyewe inavyobadilika. Hiyo ndiyo kazi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza.

Nilipofika hapo, msichana yule akauliza tena: "Na ikinyesha mvua?" Nilimwomba aliandike swali hilo katika daftari lake. Mvua haina ratiba. Je, mwenye jaruba avune mapema apate chumvi kidogo, au asubiri na kuhatarisha yote? Ili kulijibu hapana budi kuunganisha mlinganyo wa ukaukaji na hisabati ya mambo ya bahati nasibu. Swali la namna hii, likiwekewa mipaka vizuri, laweza kumfikisha mtu katika uzamili na kuvuka hapo.

Swali moja, madaraja mawili

Tunao mfano wa kweli katika taifa letu. Profesa Verdiana Grace Masanja, aliyesoma sekondari ya wasichana ya Jangwani na kupata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, alipata shahada ya uzamili chuoni hapo mwaka 1981. Kazi yake ilihusu mwendo wa vimiminika ndani ya bomba, hasa vile visivyotiririka kama maji. Msomaji akitaka kuona kimiminika cha aina hiyo, na atazame uji unavyokwenda unapokorogwa. Baadaye alikwenda katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, na uzamivu wake ukahusu tena vimiminika ndani ya bomba. Ndiye Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata uzamivu wa hisabati. Ni dhahiri kwamba hakuanza upya Ulaya. Aliendeleza swali alilokuwa amelianza nyumbani.

Njia zilizopo

Mwenye shahada ya kwanza anaweza kuomba uzamili hapa nchini, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela iliyoko Arusha. Iko pia Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, iitwayo AIMS, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003. Mwaka 2014 ilifungua kituo papa hapa Bagamoyo. Kituo hicho hakipo tena, lakini Watanzania waweza kuomba nafasi katika vituo vingine, kikiwamo cha Rwanda. Na wanaochaguliwa hugharimiwa masomo, malazi na chakula. Huko Trieste, Italia, kipo Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, kilichoasisiwa na Abdus Salam wa Pakistani mwaka 1964. Kituo hicho hutoa stashahada ya mwaka mmoja ya hisabati kwa vijana wa nchi zinazoendelea.

Katika vyuo vingi vya Ulaya, uzamili hutangulia uzamivu. Marekani desturi ni tofauti: mwenye shahada ya kwanza aweza kuomba uzamivu moja kwa moja, akasoma miaka mitano au zaidi, na mara nyingi hulipwa kwa kusaidia kufundisha. Masomo yaanzayo Agosti au Septemba, maombi yake aghalabu hufungwa Desemba au Januari iliyotangulia. Anayeanza kujitayarisha mwezi wa Novemba amekwisha chelewa.

Karatasi tatu

Maombi huwa na mambo makuu matatu: nakala ya matokeo, maelezo ya mwombaji mwenyewe, na barua za wadhamini, ambao kwa kawaida ni wawili au watatu.

Kuhusu maelezo, nikiri kosa langu. Mara ya kwanza nilipoomba kwenda ng'ambo, nilijaza ukurasa mzima kwa shida za nyumbani kwetu na mapenzi yangu ya hisabati tangu utoto. Yote yalikuwa kweli, lakini hapakuwa na hisabati hata mstari mmoja. Mdhamini wangu mmoja naye aliandika kwamba mimi ni kijana mwenye nidhamu na sichelewi darasani. Nilikataliwa. Mwaka uliofuata nilieleza tatizo moja la kazi yangu ya mwaka wa mwisho: nilijaribu nini, nilikwama wapi, na kwa nini nilidhani njia fulani ingefaa. Nilikubaliwa, ingawa tatizo lenyewe nilikuwa sijalitatua. Wanaochagua hawakutaka mtu asiyekwama. Walitaka kujua mtu hufanya nini akikwama.

Nilijifunza pia kwamba mdhamini hawezi kuandika asichokijua. Mwanafunzi anayekaa kimya miaka mitatu, kisha akaomba barua wiki moja kabla ya siku ya mwisho, anamtesa mwalimu bure. Muone mapema, mpe nakala ya kazi yako, na umkumbushe kwa adabu. Kwa maana siku hizi chuo humwandikia mdhamini moja kwa moja kwa barua-pepe, naye asipojibu, ombi zima hulala.

Neno kwa walimu

Ndugu walimu, barua hizo huandikwa na wahadhiri, lakini mazoea yanayozifanya ziwe nzuri huanzia kwenu. Mwanafunzi akipata jibu kwa njia isiyo ya kitabuni, msimkate kauli. Mwambieni aiandike na kuieleza. Akiuliza "na ikinyesha mvua?", msiseme kwamba swali hilo halimo katika mtihani. Kila mwanafunzi wa hisabati na awe na daftari la pili, lisilosahihishwa, la maswali aliyoshindwa kuyamaliza, na kila swali liandikiwe tarehe.

Nawe mwanafunzi unayesema huna mtu, jua kwamba wanaosoma maombi yako hawakujui wewe wala jamaa zako. Watakujua kwa karatasi ulizowapelekea. Msichana wa Makurunge amekwisha pata swali lake la kwanza, na linamngoja katika majaruba ya pwani ya kwao. Wewe la kwako umekwisha liandika?