Nyumba ya Kupanga na Tumbo la Mtoto

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Kakamega. Leo sitaanza na ugonjwa. Nitaanza na nyumba, na hasa nyumba ya kupanga hapa mjini.

Kuna mama mmoja aliyekuja kliniki na mtoto wa miezi 11 anayeharisha. Tulimpa ORS na vidonge vya zinki, tukamwonyesha namna ya kuchanganya, akaenda nyumbani. Mtoto akapona. Wiki tatu hazikuisha, akarudi. "Sista, ameanza tena." Tukatibu tena. Alipokuja mara ya tatu nilifungua kijitabu chake cha mama na mtoto, nikaona kwamba uzito haujapanda tangu siku ile ya kwanza. Mama mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekuja kukiri kosa. Akaniambia, "Sista, mimi nanawa mikono. Chupa niliacha, natumia kikombe na kijiko. Sijui nakosea wapi."

Nilimwamini. Jioni ile nikafuatana naye hadi kwake.

Ni jengo la ghorofa tatu, rangi bado mpya, na ukilitazama kutoka barabarani utalipenda. Nyuma yake ndiko kwenye habari. Shimo la maji taka lilikuwa limejaa. Kifuniko chake cha saruji kilipasuka siku nyingi, mtu akakifunika kwa kipande cha bati na mawe mawili. Maji yenye harufu yalikuwa yakitambaa polepole kando ya ukuta. Hatua sita kutoka hapo, nilizihesabu, kulikuwa na tangi la maji la chini ya ardhi. Kutoka tangi hilo maji husukumwa kwa pampu hadi tangi la juu ya paa, na kutoka juu yanashuka kwenye mifereji ya wapangaji wote. Niliuliza tangi lilisafishwa lini. Keateka alicheka. Ni kijana mpole, na mshahara wake ni mdogo. Hakupewa hata pesa ya kununua kufuli. Mwenye nyumba anaishi mbali, kodi anaipokea kwa simu, na akipigiwa kuhusu shimo anasema, "Nitatuma fundi."

Basi mama yule hakuwa anakosea popote. Alikuwa akinawa mikono kwa maji yenye kinyesi.

Sasa pengine unajiuliza: maji taka yanaingiaje kwenye tangi la saruji? Saruji hupasuka. Ufa mwembamba kama unywele unatosha. Mvua kubwa zinaponyesha, na hapa kwetu mvua tunaijua, hasa kuanzia Machi hadi Juni, udongo hushiba maji. Shimo la maji taka hutegemea udongo unywe maji yake. Udongo ulioshiba haunywi, kwa hiyo maji taka hutafuta njia nyingine, na tangi lililo karibu ndiyo njia. Kwa kisima na choo cha shimo tunafundisha angalau mita 30 kati yao. Kwenye ploti nyingi za mjini mita 30 ni upana wa ploti yenyewe na ya jirani.

Njia ya pili ni bomba. Maji ya mfereji yakikatika, bomba hubaki tupu, na bomba tupu lenye ufa hunyonya chochote kilicho nje yake. Ndiyo maana maji ya kwanza yakirudi huwa na rangi ya chai. Maji hayo usiyaweke kwenye mtungi wa kunywa. Yaache yatiririke kwenye ndoo ya kupigia deki mpaka yawe meupe. Na yakiwa meupe, bado yatibu.

Njia ya tatu ni tangi la paa lisilo na kifuniko. Njiwa na panya hawana choo kingine.

Jambo hili si la Kakamega peke yake, wala si la watu maskini peke yao. Mwaka 1854, kule London, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 waliokaa karibu na mtaa mmoja ulioitwa Broad Street. Daktari John Snow aligundua kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja. Baadaye ilijulikana kwamba katika nyumba nambari 40 kulikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha akafa. Mama yake alikuwa akisuuza nepi na kumwaga maji yale katika shimo la maji taka la nyumba hiyo. Lilipochimbuliwa, matofali yake yalikuwa yameoza, na kati yake na kisima hapakufika hata mita moja. Yule mama alifanya usafi kama mama yeyote. Kilichooza ni shimo, na shimo halikuwa kazi yake.

Nimelisimulia hilo kwa sababu sisi wahudumu wa afya tuna tabia ya kumlaumu mama kwanza. Mimi pia nimewahi.

Haya, tuje kwa mambo ya kufanya. Kwanza kabisa ni mtoto. Akianza kuharisha mpe ORS mara moja, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, na uendelee kumnyonyesha. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, kwa sababu kuna za nusu lita na kuna za lita moja. Ukikosea kipimo dawa inakuwa kali mno au haina nguvu. Maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa yakapoa. Zinki mpe kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Akina mama wengi huacha hapo, kisha nashangaa kuona vidonge vimebaki. Ukiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, kuna damu kwenye choo, au anaharisha maji mengi yasiyokoma, usingoje asubuhi. Mkimbize hospitali.

Pili ni maji ya leo usiku. Chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, funika, yapoe humo humo. Ukitumia dawa ya klorini fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ukoroge, kisha ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope, kwa hiyo yaache yatulie kwanza, uyachuje kwa kitambaa safi. Lakini mahali unaposhuku maji taka yanaingia, mimi ningechemsha. Najua makaa ni ghali. Kama hayatoshi, anza na maji ya mtoto na maji ya ORS, mengine yatibu kwa klorini. Na jiko la makaa usilifungie ndani ya chumba kimoja mnamolala ukafunga dirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua familia nzima usingizini.

Tatu ni shimo lenyewe. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo ninataka tukae kidogo.

Wapangaji wa jengo lile walikuwa wamelalamika wote, lakini kila mmoja peke yake, na kwa mdomo. Mmoja alimwambia keateka ngazini, mwingine alipiga simu, mwingine alinung'unika akiwa anafua. Maneno ya mdomo hayana tarehe. Andikeni barua moja. Iwe fupi: shimo limejaa tangu tarehe fulani, kifuniko kimevunjika, tangi halijasafishwa, watoto kadhaa wameharisha, tunaomba litengenezwe katika siku kadhaa. Wekeni majina na sahihi zenu, piga picha ya barua na ya shimo, mpeni keateka na mumtumie mwenye nyumba kwa simu. Nakala ibaki na mmoja wenu.

Akinyamaza, nendeni kwa afisa wa afya ya umma. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, maafisa hawa wako chini ya kaunti. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wako anaweza kukuelekeza, au uliza katika kituo cha afya kilicho karibu. Wengi hudhani kazi ya afisa huyu ni kukagua nyama na hoteli tu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa kazi kubwa zaidi. Choo kinachofurika, maji machafu, nyumba inayodhuru afya ya wakazi, yote hayo sheria inayaita kero. Ikithibitika kuna kero, ilani hutolewa ya kuiondoa ndani ya muda uliowekwa. Na kama kero imetokana na ubovu wa jengo lenyewe, ilani hupelekewa mwenye nyumba, si mpangaji. Akikaidi, hakimu anaweza kumwamuru. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kupata makao ya kufaa, usafi wa mazingira, na maji safi ya kutosha. Kwa hiyo ukiingia katika ofisi ile usiingie kama unaomba msaada wa harambee.

Kuna lile baraza la kodi pia, lakini sheria yake inahusu nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hapa mjini nyumba za namna hiyo zimebaki chache, ndiyo maana ninawaelekeza zaidi kwa afisa wa afya.

"Sista, si atanifukuza?" Hilo naulizwa kila mara. Siwezi kukuahidi kwamba mwenye nyumba hatakasirika. Ila barua yenye majina 12 ni ngumu kuifukuza kuliko mama mmoja. Na tafadhali, usisimamishe kodi kwa hasira. Ukidaiwa miezi miwili, habari ya shimo husahaulika na wewe ndiwe unakuwa mkosaji. Mkikubaliana mrekebishe kifuniko wenyewe na mkate kwenye kodi, apate kuandika kwamba amekubali, hata kwa ujumbe wa simu.

Kwa wewe ambaye bado unatafuta nyumba, usiende kuitazama Jumapili alasiri jua likiwaka. Nenda siku ya mvua, au asubuhi yake. Zunguka nyuma kabla hujaingia ndani. Uliza tangi liko wapi, shimo liko wapi, lori la kunyonya maji taka lilikuja lini mara ya mwisho, na maji yakikatika wapangaji wanachota wapi. Usimuulize ajenti. Muulize mama anayeanika nguo. Tazama kona za dari: weusi wa ukungu ukianza hapo, mtoto atakohoa, na mwenye pumu ataumia zaidi. Ukimwona mtoto mwenye kikohozi anapumua mbio, yaani mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa wa miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akiwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, hiyo inaweza kuwa nimonia. Mlete siku hiyo hiyo.

Mtaa wetu wa Kefinco ulipata jina lake kutokana na mradi wa maji wa Kenya na Ufini wa miaka ya 1980, ule uliochimba visima na kujengea chemchemi nyingi hapa Magharibi. Wazee bado wanazitaja chemchemi zile. Siku hizi tunapanga nyumba katika mtaa wenye jina la maji, na swali la kwanza tunalouliza ni kama kuna vigae sakafuni.

Na yule mama? Waliandika barua, majina 12. Wiki mbili zikapita kimya. Wakaenda ofisi ya afya ya umma watu wanne, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Afisa alikuja, akachukua maji ya kupimwa, akatoa ilani. Lori la kunyonya likafika, kifuniko kipya kikamwagwa, na tangi la paa likasafishwa na kufunikwa. Tangi la chini ya ardhi lingali palepale, hatua sita. Mwenye nyumba anasema atalihamisha, na afisa ameandika tarehe ya kurudi. Mpaka siku hiyo mama anachemsha maji ya mtoto. Mara ya mwisho tulipompima, mtoto alikuwa amefika kilo 8 na gramu 300, na mstari kwenye kijitabu umeanza kupanda tena.

Juma lijalo tutazungumza juu ya chanjo ya surua na kwa nini ile ya pili, ya miezi 18, husahaulika. Leteni vijitabu vyenu karibu na redio.