Siri ya mtungi katika ndoa ya pili

Mwezi huu tunaandika juu ya jambo linaloongelewa sana jioni kwenye vibanda vya video, na kesho yake asubuhi bado linaongelewa kwenye foleni ya maji. Ni yale maigizo ya tivi ya mume na mke waliooana mara ya pili. Kila mmoja amekuja na watoto wake, kila mmoja ameficha neno, na sisi watazamaji tunalijua lile neno kabla ya mwenye nyumba. Tunapiga kelele, "Mama, fungua macho!" Halafu muziki unalia, sehemu imekwisha, ngoja kesho.

Tunacheka sana. Lakini wengine wakirudi nyumbani wananyamaza, kwa sababu hadithi ile ni yao. Hapa Kakuma tunaishi na familia za kutoka Juba, pamoja na watu wa Kator, kule kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Teresa na soko la Konyo Konyo. Kati yao wako waliooa au kuolewa tena baada ya vita. Kwao siri haina muziki, na tena haingoji kesho.

MAIGIZO HAYA SI MAGENI

Kuna wanaosema ati haya ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Hapa Kenya igizo la "Tushauriane" lilionyeshwa na Voice of Kenya mwaka 1987. Tanzania, mwaka 1993, redio ya taifa ilianza "Twende na Wakati". Wazee wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, aliyekuwa na wapenzi njiani huku mkewe Tunu akibaki nyumbani na watoto. Mwisho Mkwaju alipata Ukimwi, naye Tunu akajifunza kusimama kwa miguu yake na biashara yake ndogo. Mwaka 2012 likaja igizo la tivi "Siri ya Mtungi", la mpiga picha Cheche wa Bagamoyo na mkewe Cheusi. Na Sudan Kusini yenyewe, tangu 2014, vijana wakasikia "Sawa Shabab" redioni, pia kwa Kiarabu cha Juba.

Jina "Siri ya Mtungi" limetoka kwenye methali: siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata ndiyo inayoingia ndani ya mtungi kila siku, kwa hiyo inajua kama maji ni mengi au yamebaki matope. Sasa tujiulize, katika ndoa ya pili kata ni nani? Tungependa iwe mume au mke. Lakini mara nyingi kata ni jirani wa zamani. Anashuka kwenye basi, anakusalimia mbele ya mke wako, halafu anasema, "Na mama wa watoto kule Arua hajambo?" Hapo mtungi umepasuka, na aliyeupasua wala hakuwa na nia mbaya.

KWA NINI SIRI NI NYINGI KWETU

Si kwamba watu wetu ni waongo kuliko wengine. Vita vya kwanza vya kizazi chetu vilianza 1983 vikaisha 2005. Desemba 2013 Juba ikalipuka tena, na Julai 2016 tena. Kila mara watu walikimbia na njia iliyokuwa wazi: huyu Uganda, yule Khartoum, mwingine Kakuma. Mtu alingoja mwaka, miaka mitano, kumi, akaambiwa mwenzake amekufa. Akalia matanga, akaoa au akaolewa. Nani atamlaumu?

Lakini maneno ya njiani hayawi kweli siku zote. Tangu Aprili 2023, vita vilipoanza Khartoum, zaidi ya watu milioni moja wamevuka kuingia Sudan Kusini, wengi kupitia Renk. Katika umati kama huo anaweza kutokea mtu aliyeliliwa zamani.

Kuna pia mila ya ndugu kumchukua mjane wa marehemu. Inalinda watoto, ndiyo. Lakini tuseme mama mmoja wa Kator, mume wake hakuuawa bali alipotea, na ukoo ukamkabidhi kwa shemeji. Baadaye anakuja kambini, anaolewa na mtu wa kabila lingine, na ile habari ya shemeji anaimeza. Anafikiri, "Nikisema ataniacha, na mimi nina watoto wanne." Hiyo si hila, ni woga. Ila shemeji akifika na sultani wa ukoo kudai ng'ombe na watoto, mume mpya ataona kwamba aliingizwa kwenye kesi bila kuulizwa. Ndoa kama hiyo hubomolewa na kule kutoambiwa kuliko na shemeji mwenyewe.

SIRI TATU ZISIZOFAA KUFICHWA

Ya kwanza ni mwenzi wa zamani. Kama hujui yuko hai au amekufa, sema hivyo hivyo: "Sijui." Neno "sijui" si aibu. Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta ndugu waliopotea na kupeleka barua za familia. Sheria ya Kenya inamhesabu mtu kuwa amekufa asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kusikia habari zake, mpaka ithibitishwe vingine. Kwa Wakatoliki miaka peke yake haitoshi. Kabla ya kufunga ndoa nyingine, kifo lazima kithibitike au askofu atoe tamko baada ya kuuliza. Kwa hiyo ni vizuri kumwona abuna mapema, msingoje hata kadi za harusi zimeandikwa.

Ya pili ni afya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hizi mwenye virusi vya Ukimwi anayemeza dawa kila siku, mpaka kipimo kisivione virusi kwenye damu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mama akitumia dawa vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Mkwaju wa 1993 hakuwa na dawa hizo, sisi tunazo. Anayezificha chini ya godoro ataziruka siku ambayo mwenzake yuko nyumbani, na hapo ndipo hatari inapoingia. Nendeni kliniki wawili pamoja. Mshauri akiwepo, neno zito linapata mtu wa tatu wa kulibeba.

Ya tatu ni watoto na karatasi. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto wako, basi. Lakini ofisi inauliza nani alimzaa. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi, kwa sababu vipimo vya DNA vilivyoanzia Nairobi vilikuta undugu mwingi uliotajwa haukuthibitika. Mpango haukufunguliwa mpaka 2012. Januari 2025 Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi kwa ujumla, lakini fundisho la karatasi limebaki. Kwenye mahojiano mume anaweza kuulizwa peke yake, na mke peke yake. Kama wewe unasema watoto watano na mwenzako anasema wanne, mtoto wa tano ndiye anayeumia. Aliyelelewa aandikwe amelelewa. Upendo haupungui kwa sababu ya neno hilo.

KUNA SIRI, NA KUNA KIDONDA

Hapa tunaomba msomaji asituelewe vibaya. Hatusemi kila kitu kimwagwe. Dada aliyefanyiwa ubaya na watu wenye silaha njiani hana deni la kumsimulia mtu yeyote. Kijana aliyelazimishwa kubeba bunduki anaweza kungoja miaka. Hivyo ni vidonda, na kidonda hakifunguliwi kwa kuamriwa. Tofauti tunaiona hivi: kama jambo linagusa mwili wa mwenzako, watoto wake, au haki yake ya kuamua kukaa au kuondoka, basi ni lake pia. Kama linagusa maumivu yako peke yako, ni lako mpaka utakapokuwa tayari.

NAMNA YA KUSEMA

Kwenye igizo siri hutoka harusini au kwenye matanga, mbele ya watu wote, ili tupate kushangaa. Nyumbani tufanye kinyume. Chagua wakati watoto wamelala na hakuna aliyekunywa pombe. Anza na neno lenyewe, usizunguke. Usilete ushahidi wa makosa yake ili yako yaonekane madogo. Ukimaliza, nyamaza umwache akasirike. Hasira ya usiku mmoja ni nafuu kuliko shaka ya miaka kumi. Na kama unaogopa kupigwa, usiseme mkiwa peke yenu. Tafuta kwanza mama mzee unayemwamini au wafanyakazi wa ulinzi wa jamii.

Na wewe unayeambiwa, pokea. Ukilipeleka lile neno kwenye foleni ya maji, hutaambiwa jingine maisha yako yote. Mwenzako akiona limebaki ndani ya nyumba, hapo ndipo anaanza kukuamini.

Wiki hii mkitoka kwenye kibanda cha video, jaribuni swali moja njiani kabla hamjafika mlangoni: yule mke kwenye igizo angeambiwa mapema, angefanya nini? Jibu la mwenzako litakuonyesha kama unaweza kumwambia lako. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.